Sukari ya Bwana AB

Ukimwuliza Bwana AB choo kiko wapi, alianzia kwenye utando wa seli. Ndivyo alivyokuwa, na kama ulikuwa na haraka ya choo, pole yako.

Alikuwa mtaalamu wa maabara, mkuu wa benki ya damu katika hospitali moja ya serikali. Jina hilo la AB hakupewa na wazazi wake. Alijipatia mwenyewe kwa kulitangaza kundi lake la damu miaka ishirini na mitatu mfululizo, kwa kila kiumbe chenye masikio. "Mimi ni AB," angesema, kidevu juu, utadhani alilisomea. "Tuko wachache. Hii ni damu ya kifalme, bwana." Alikuwa ameliandika kwa wino mzito kwenye mfuko wa koti lake jeupe, kwenye kikombe chake cha chai na nyuma ya kiti chake, asije mtu wa kundi la kawaida akakikalia.

Benki yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu: friji mbili zinazonguruma, kitanda cha wachangiaji chenye godoro la plastiki lililopasuka upande mmoja, na meza yenye kigae cheupe cha kupimia. Hapo ndipo alipokuwa mfalme kweli. Tone la damu hapa, tone pale. Dawa ya bluu juu ya hili, ya njano juu ya lile. Anatikisa kigae, anakodoa macho. Damu ikigandana vipunje vipunje, jibu limepatikana. Tusimwonee: miaka yote hiyo hakukosea kundi la mtu hata mara moja. Na mkono wake ulikuwa mwepesi. Wagonjwa wenye mishipa iliyojificha walimtafuta yeye awadunge.

Mdomo sasa! Mdomo ndio uliokosa kifuniko. Mjamzito amekuja kuchukua karatasi ya majibu, amesimama dirishani mguu mmoja umevimba, naye anaanza.

"Mama, sikiliza. Kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando, na utando huo ni mafuta. Si mafuta ya kukaangia, haya ni mafuta ya heshima. Sasa baadhi yake yamebeba sukari, mnyororo mzima wa sukari, umechomoza nje ya seli. Hicho ndicho kitambulisho chake! Mwenye A ana sukari yake mwishoni mwa mnyororo, mwenye B ana yake, AB tunazo zote mbili. Wa O, maskini, mnyororo wake umeishia njiani. Kipindupindu je? Sumu yake ikifika utumboni inashika nini? Sukari hizo hizo! Na mishipa ya fahamu imefungwa na nini ili ujumbe usivuje? Mafuta yenye sukari, mama!"

"Ndiyo, daktari," mjamzito angejibu. "Karatasi yangu?"

Mwenzake kazini, mwanamama wa makamo, aliitwa Mama Kimya kwa sababu maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye lebo ya chupa ya damu. Yeye ndiye aliyetoa karatasi. Bwana AB akihubiri, Mama Kimya anapima, anaandika, anakabidhi, na foleni inasogea.

Basi Jumatatu moja akalazwa dada yake, yule mdogo wake wa pekee, fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa amevuja damu miezi na miezi bila kumwambia mtu, akisema ni uchovu tu wa cherehani, mpaka akaanguka juu ya vitambaa. Kope zake ukizivuta chini zilikuwa nyeupe kama karatasi. Daktari akasema ni uvimbe kwenye kizazi, utolewe Ijumaa. Lakini simgusi bila damu, akasema. Chupa mbili za O, maana mwenye O hapokei nyingine yoyote. Bila hizo hataamka mezani.

Friji ya O ilikuwa tupu. Damu nyingi ya hospitali ile hutoka kwa wanafunzi, na shule zilikuwa zimefungwa. Ilibaki ndugu wahangaike.

Sasa kaa vizuri nimwage mtama. Bwana AB hakuwa AB. Alikuwa O kama dada yake, na alijua hivyo tangu chuoni, siku mwalimu alipowaamuru wanafunzi wachomane vidole. Yeye alipochomwa alianguka chini na kiti chake, na alipozinduka tone lake lilikuwa limeshasomwa. Mtu huyu anayedunga wenzake hamsini kwa siku, sindano ikielekezwa kwake anazimia. Na kazini, wa O hawana raha. Kwa kuwa sukari ile ya mwisho hawana, damu yao ikiingia kwa mtu mwingine walinzi wa mwili hawaoni kitambulisho cha kigeni, kwa hiyo hawapigi kelele. Ikitokea ajali, wa O ndio wa kwanza kuvutwa mkono. AB je? Damu yake imebeba sukari zote mbili, haimfai ila AB mwenzake, na hao ni wa kutafuta kwa tochi. Hakuna atakayekusumbua mpaka ustaafu. Siku ya kuanza kazi, kwenye fomu, palipoandikwa kundi la damu, akajaza AB kwa mwandiko mzuri kabisa. Wengine hudanganya umri, wengine mshahara. Huyu alidanganya sukari.

Jumatatu hiyo alikwenda wodini, akakaa pembeni mwa kitanda cha dada yake.

"Kaka, nitapona?" dada akauliza.

Naye, badala ya kusema neno moja la maana, akamweleza habari za kipindupindu.

Jumanne asubuhi akaja shemeji yake, mume wa dada huyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kifua kipana, mikono imejaa makovu ya cheche. Aliingia na ovaroli lake, akapimwa: O. Akapanda kitandani mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Toa, shemeji. Toa hata zote."

Lilibaki jambo la dakika kumi. Mdunge, mfunge plasta, mpe soda, kwisha habari. Lakini wapi!

"Kabla hatujaanza, shemeji, ni haki yako kuuelewa mwili wako," Bwana AB akasema, akiweka sindano chini. "Unaona, kila seli yako imefunikwa na mafuta."

"Mafuta?"

"Mafuta. Na juu ya mafuta hayo kuna sukari."

Fundi akajiinua kwa kiwiko. "Nina sukari?"

"Unayo, tena nyingi! Kila chembe ya damu yako ina minyororo maelfu kwa maelfu."

"Tangu lini?"

"Tangu tumboni mwa mama yako! Ila yako, nyinyi watu wa O, imepungua ile ya mwisho."

"Imeshaanza kupungua?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

Katika lugha yetu, jamani, sukari si neno la kuchezea. Mtu akikwambia ana sukari, humwulizi ni kilo ngapi, unampa pole. Baba yake fundi alikatwa mguu kwa sukari, kisha wa pili, kisha wakamzika. Na sasa daktari, maana kwake kila mwenye koti jeupe ni daktari, amemwambia anayo, tena ya kuzaliwa, pamoja na mafuta. Akateremka kitandani polepole.

"Nakuja sasa hivi, shemeji. Nimeacha gesi wazi karakana."

Hakurudi siku hiyo. Simu ikawa haipokelewi. Mama Kimya aliyekuwa kwenye kigae akageuka, akamtazama mkuu wake.

"Umemtisha," akasema.

"Nimemwelimisha," akajibu Bwana AB.

Jumatano akamfuata karakana. Akamkuta amekaa juu ya tofali katikati ya mageti ambayo hayajakamilika, amevua viatu, anakagua vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Natafuta kidonda," fundi akasema. "Baba alianza na kidonda kidogo tu hapa."

Haya, hapo palitakiwa sentensi moja. Huna ugonjwa wa sukari. Mtoto wa chekechea angeisema. Bwana AB akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake mkao wa kufundisha.

"Shemeji, umenielewa vibaya. Sukari ninayoisema mimi ni ya kwenye utando. Hiyo haipungui hata ukiacha chai. Haina uhusiano na unachokula. Umezaliwa nayo na utakufa nayo."

"Kwa hiyo haina dawa?"

"Dawa ya nini? Ikiondoka hiyo, wewe ni nani?"

Mwanamume mzima, anayebeba geti la chuma peke yake, akaanza kulia. "Sasa shemeji, wewe ni mtu wa kusoma, niambie ukweli. Damu hii, yenye sukari namna hii, nimpe mke wangu alivyo dhaifu vile? Si nitammaliza?"

Ungedhani hapo mtu atashtuka. Bwana AB alishtuka kidogo, ni kweli. Aliona kwamba kuna kitu kimekwenda mrama. Lakini kukubali hivyo kulikuwa ni kukubali kwamba kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiongea bila kueleweka, na hilo kwake lilikuwa chungu kuliko shubiri. Akatazama saa, akainuka, akajipangusa suruali.

"Watu wasiosoma wana kazi," akajisemea njiani.

Nyumbani mama yao alikuwa akimngoja mlangoni. Bibi wa miaka sabini na moja, mwembamba, mkali. "Mkwe wangu kasemaje?"

Angeweza kusema amechanganyikiwa. Angeweza kusema anaogopa kumuua mkewe. Akasema, "Amekimbia, mama."

"Amekimbia! Mke yuko kitandani anakwisha! Mwanaume suruali huyo! Nilisema mimi tangu siku ya posa."

"Watu wengine roho zao ni ndogo, mama," akasema Bwana AB.

Alisema hivyo, huyu! Kwa mdomo wake, amesimama na lita kadhaa za O ndani ya mwili wake, amekunywa chai yake ameshiba. Mimi hapo huwa nashindwa kuendelea. Ngoja nimeze mate.

Habari ya fundi mwoga ikatembea. Jioni hiyo wifi za mgonjwa wakajua, majirani wakajua, wateja wa mageti wakajua. Wodini dada akaambiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba mumewe amemkimbia. Akageukia ukutani.

Alhamisi asubuhi mama mwenyewe akafunga safari. Alipita foleni yote ya dirishani bila kumtazama mtu, akaingia benki ya damu, akakunja mkono wa gauni.

"Shikamoo mama," Mama Kimya akasema.

"Marahaba. Nitoe damu. Mwanangu atakatwa kesho na wanaume wote wa ukoo huu wamejificha."

"Mama, umri wako hauruhusu," Bwana AB akasema. "Mwisho ni sitini na tano."

"Nipimeni basi. Nijue kama damu yangu ni yake."

Akapimwa, ili anyamaze. Mama Kimya alimchoma kidole, akapeleka matone kwenye kigae. Na mwanawe, kuona mama yake amekaa anangoja, na nyuma yake watu kumi na wawili wa foleni wamechungulia, akashindwa kujizuia. Mhubiri amepata kanisa.

"Unajua, mama, sukari hizi ni za kurithi. Kila mzazi anampa mtoto agizo moja la namna ya kumalizia ule mnyororo. Wa A anatoa A, wa B anatoa B. Lakini mzazi wa O hana cha kutoa! Mtoto wake atapata sukari kutoka upande mmoja tu, basi. Ndiyo maana mtu wa O hawezi kuzaa mtoto wa AB, hata afanyeje. Damu haidanganyi, mama."

"O," akasema Mama Kimya.

"Naam?"

"Mama yako ni O."

Dirishani mtu mmoja, kinyozi aliyeleta mkewe kliniki, akahesabu kwa vidole, akafika mahali, akaziba mdomo kwa mkono.

Bibi hakusoma, lakini masikio yake yalikuwa mazima. "Ngoja kwanza. Mimi ni O."

"Ndiyo, mama."

"Na O hawezi kuzaa AB."

"Kwa... kwa kawaida."

"Na wewe ni AB. Umeandika hadi kwenye kikombe." Akasimama. "Kwa hiyo mimi sikukuzaa? Saa kumi na nne, wewe! Saa kumi na nne, mkunga akachoka akakaa chini, mimi nasukuma kichwa hicho hicho kinachoniambia leo kwamba niliokota mtoto! Leteni huyo aliyekuzaa nimwone!"

"Mama, kuna kitu adimu sana, mtu mmoja katika maelfu mengi, ambapo sukari zote mbili hurithiwa kwa pamoja kutoka kwa baba..."

"Tukupime," akasema Mama Kimya. Alikuwa tayari ameshika kisindano cha kidole.

Bwana AB akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Mama yake, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kama bado anazo, akamkamata kiganja, akakishikilia. Mchomo ukawa mdogo kuliko wa mbu. Akapiga ukelele, foleni nzima ikacheka. Tone kwenye kigae, dawa ya bluu, dawa ya njano, tikisa. Halikugandana hata kidogo.

"O," akasema Mama Kimya, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la mwisho.

Bibi akakiachia kiganja cha mwanawe. "Umezaliwa na mimi basi," akasema. "Bahati mbaya yangu. Panda kitandani."

Akapanda. Alipoona mfuko wa damu akazimia, wakamnyanyulia miguu. Akazinduka, akazimia tena sindano ilipoingia. Mfuko ukajaa akiwa hana habari, na pengine ndivyo ilivyokuwa heri, maana hakuongea.

Mama Kimya akachukua simu, akampigia fundi mpaka akapokea. "Huna ugonjwa wa sukari. Njoo utoe damu," akasema, akakata.

Fundi alifika mbio, miwani ya kuchomelea bado iko juu ya paji la uso. Kimashine cha kupima sukari kikamwonyesha namba ya mtu mwenye afya kabisa, akaibusu mikono ya Mama Kimya, akajitupa kitandani.

"Wewe!" bibi akamwambia. "Mbona ulikimbia?"

"Nilidhani nitamuua, mama. Shemeji aliniambia nina sukari. Nilimwambia jana, kule karakana, naogopa nisije nikamuua mke wangu."

Bibi akageuka polepole kuelekea benchi alikolazwa mwanawe. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Akamwomba mkwe wake radhi palepale, mbele ya foleni, kisha akavuta kiti akakaa upande wa mkwe, mgongo kwa mwana.

Damu zikapimwa usalama, zikaoanishwa na ya mgonjwa, zikakubali. Ijumaa uvimbe ukatoka, mkubwa kama ngumi mbili, na dada akaamka.

Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, Bwana AB akaenda wodini. Mikono ya shati alikuwa ameikunja, ili plasta ionekane. Siku tatu zimepita, kidonda cha sindano kimeshasahau kama kilikuwepo, na yeye bado ana plasta.

Dada yake alikuwa amekaa, mito miwili mgongoni. Midomo ilikuwa imeanza kurudiwa na rangi.

"Nimesikia ulinichangia," akasema.

"Ah, kawaida tu. Unajua, seli zangu na zako..."

"Jumatatu ulikaa hapohapo ulipokaa sasa. Ulikuwa unajua wewe ni O?"

Akatazama plasta yake. "Nilikuwa najua."

"Na mume wangu alipoitwa mwoga, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliulizwa swali akajibu kwa kifupi. "Nilisema watu wengine roho zao ni ndogo."

Dada akafumba macho. Machozi yakashuka, akayaacha yashuke. Bwana AB akateremsha mikono ya shati, plasta ikafichika.

"Usiku mzima nililala hapa nikijua nimeachika," dada akasema. "Mimi nawe tumelelewa chumba kimoja. Sindano hata mimi naziogopa, tangu utotoni, unajua. Ungeniambia tu unaogopa, kaka. Ningeshuka kitandani na dripu yangu, nikaja kukushika mkono."